Mama Fundi na Matibabu ya Nyongeza

Mtu aliyetaka kushonewa nguo na Mama Fundi alipanga maneno yake nyumbani kwanza. Nimewaona watu wazima, wenye ofisi na mihuri yao, wamesimama kwenye baraza lake pale mjini kwetu Kasongo, kitambaa kwapani, wakingoja ainue macho. Hakuyainua haraka. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akakutazama kuanzia mabegani kushuka chini, kisha akasema, "Umenenepa. Kitambaa hiki hakikutoshi. Rudi sokoni." Ukibisha, alikurudishia kitambaa chako kimekunjwa vizuri kuliko ulivyokileta, na akamwita aliyekuwa nyuma yako.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na minne. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, na ua wangu ulipakana na wake. Mashine yake ya mguu ilikuwa saa ya nyumba yangu: ikianza kulia asubuhi, watoto walijua ni wakati wa kuoga waende shule. Jina lake nalijua, kartye nzima, mtaa wetu wote, inalijua, lakini sikumbuki kusikia mtu akilitaja. Waislamu wenzake wa mjini walimwita Mama Fundi, na padre alipokuja kuulizia majoho ya kwaya aliita "Hodi, Mama Fundi" kama wengine. Nami nitamwita hivyo.

Maneno yake yalikuwa makali, na mkono wake haukufuata maneno hayo. Mwanzoni mwa kila mwaka wa shule walikuja akina mama na vitambaa vya sare. Siku moja nilikuwa nimekaa hapo nikingoja suruali yangu, akaja mama mmoja mkulima na mtoto wake, na kitambaa chepesi sana, cha bluu iliyokwisha kufifia kabla ya kufuliwa. Mama Fundi alikinyanyua mbele ya jua. "Hii ni ya kuchujia chai," akasema. Yule mama akainamisha kichwa. Mama Fundi akachukua vipimo vya mtoto bila neno lingine. Baada ya siku tatu mtoto alipita mbele ya nyumba yangu amevaa sketi ya kitambaa kizito, kizuri, chenye mikunjo sawasawa. Mama yake alirudi kushukuru. Akafukuzwa barazani.

"Nani amekuambia nimekupa? Nilikosea kukata. Nikishakosea, ni juu yangu."

Kila Septemba alikosea kukata. Kwa wateja wenye uwezo hakukosea hata mara moja.

Na hakuweza kuachia kazi ambayo yeye mwenyewe aliona ina kasoro. Nakumbuka gauni moja la harusi, limekwisha, limepigwa pasi, mashangazi wa bibi harusi wamekuja kulichukua saa sita za mchana na harusi ni siku hiyo hiyo. Bibi harusi alilijaribu, mashangazi wakapiga vigelegele. Mama Fundi alizunguka mara mbili, akasema, "Vua. Bega la kushoto limeshuka kidole kimoja."

"Nani ataona, Mama?" shangazi mmoja akauliza.

"Mimi naona."

Akafumua bega zima mbele yao. Shangazi mdogo alilia. Gauni lilitoka mlangoni watu wakiwa wamekwisha kukusanyika, na hakuna aliyejua tofauti isipokuwa yeye. Alikaa barazani akanywa chai, ametulia kabisa.

Kazi yake ilikuwa ya mdomo kama ilivyokuwa ya mikono. Pini alizishika kwenye pembe ya mdomo, tano au sita kwa pamoja, upande wa kulia. Uzi aliulowesha kwa mate ndipo aupitishe kwenye tundu la sindano. Alizungumza na pini mdomoni, na sisi majirani tulizoea kumwelewa. Wageni walidhani ana kigugumizi.

Ndiyo maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukosea.

Uvimbe ulitokea chini ya sikio la kulia, mahali taya linapopinda. Ulikuwa kama punje ya karanga. Alinijia kituoni akasema hauumi, lakini anausikia akibana pini. Niliugusa. Ulikuwa unateleza chini ya kidole. Nilimwangalia meno, nikaona moja bovu, nikasema ni tezi imevimba kwa sababu ya jino. Nikampa vidonge vya siku saba. Uvimbe haukwenda popote. Miezi michache baadaye alirudi, nikampa vidonge vingine na kumwambia auwekee kitambaa cha maji moto. Nilikuwa na watoto wa malaria wamejaa kwenye benchi siku ile. Nasema hivyo ili nieleze hali ilivyokuwa, lakini hainiondolei kosa. Mtu akikurudia na uvimbe uleule, unampeleka kwa daktari. Nilifundishwa hivyo.

Ulipita mwaka na kitu. Punje ya karanga ikawa yai la njiwa, na siku moja pini zikaanza kumdondoka. Upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umeanza kulegea. Alikuja kituoni, akaweka pini nne kwenye meza yangu.

"Hizi zimeanguka zenyewe," akasema. "Sasa usinipe vidonge."

Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa daktari, na daktari akampeleka hospitali kubwa ya Kindu. Huko alipasuliwa. Mpasuaji alimweleza mapema kwamba neva ya uso inapita katikati ya tezi ile, na kwamba atajaribu kuiokoa lakini hawezi kuahidi. Aliokoa sehemu. Mama Fundi alirudi Kasongo juu ya lori la chumvi, ana kovu lililoshuka kutoka mbele ya sikio mpaka shingoni, jicho la kulia lisilofumba vizuri, na nusu ya uso iliyotulia hata upande wa pili ukicheka. Kartye ilishangilia. Uvimbe umetoka! Watu walimletea kuku, mchele, samaki wa Lualaba. Katika juma la pili mashine ilianza kulia asubuhi, na mimi nikamshukuru Mungu kwa haraka, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Nyama iliyotolewa ilikuwa imepelekwa mbali kuchunguzwa. Jibu lilichukua majuma matano. Mtu wa Kindu alileta bahasha, na Mama Fundi hakuifungua. Aliileta kwangu jioni, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, mtandio umefunika upande wa kovu.

"Munganga," akasema, kama kwetu anavyoitwa kila mtu wa kutibu, "soma. Kifaransa chao ni kirefu."

Nilisoma mara mbili kimya. Karatasi ilisema uvimbe ule ulikuwa kansa ya tezi ya mate. Mpasuaji alikuwa ametoa tezi, lakini pembezoni mwa nyama iliyokatwa zilionekana chembe za ugonjwa, na nyingine zilikuwa zimeifuata neva. Mwishoni daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa anahitaji matibabu ya nyongeza, ya miale, yaani mionzi, na yasicheleweshwe. Nilimweleza yote bila kupunguza.

Kisha akashika neno moja tu.

"Nyongeza? Mutu anaongezewa kitu akipungukiwa. Mimi niko muzima. Ninakula, ninashona. Waniongezee nini?"

"Mama, daktari ametoa kile alichokiona kwa macho. Kilichobaki ni kidogo mno, hakionekani wala hukisikii. Kinaweza kulala mwaka mmoja, hata mitano, halafu kiamke. Miale inakwenda kukiua wakati kingali kidogo."

"Na nisipokwenda, kitarudi?"

"Yaelekea. Lakini siwezi kuapa."

"Na nikienda, hakitarudi?"

"Nafasi yako inakuwa nzuri zaidi. Hapo pia siwezi kuapa."

"Basi unaniambia niende mbali, niunguzwe shingo, kwa kitu sikisikii, na wewe huwezi kuapa."

"Ndiyo, Mama."

Alicheka na nusu ya uso. "Haya. Leo angalau unasema ukweli."

Neno lile lilinichoma. Nikamwambia kile nilichokuwa nimekificha tangu siku ya pini nne: kwamba mara ya pili alipokuja ilinipasa kumpeleka kwa daktari, na kwamba mwaka ule niliompotezea ndio huenda uliifikisha kansa kwenye neva. Nilitazamia anikaripie jinsi alivyomkaripia kila mtu, na ningeshukuru.

Hakunikaripia. Alitazama mikono yangu.

"Najua," akasema. "Kule Kindu waliniuliza nani alikiona kwanza. Niliwajibu ni mimi. Wewe sikukutaja." Akasimama, akarekebisha mtandio. "Sasa huna ruhusa ya kukosea tena. Nitafutie mahali wanapochoma hiyo miale. Mimi nitamaliza sare za watu."

Mlangoni aligeuka. "Kitambaa kimekatwa, ncha hazijafungwa," akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. "Kitafumuka."

Nilipiga simu kwa kila niliyesoma naye. Mahali tulipopata pa uhakika palikuwa Dar es Salaam, nchi nyingine, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Aliuza mashine yake ya pili na shamba la mpunga la upande wa mto. Hapo ndipo kaka yake alipofika kutoka Nyangwe.

Kaka huyu alikuwa mvuvi, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku ile aliipaza. Alikaa barazani na chupa ya dawa ya mizizi miguuni pake.

"Dada, uvimbe umetoka. Kovu limekauka. Sasa unataka kwenda kutafuta ugonjwa? Nimesikia watu wanarudi kutoka kwa ile mashine weusi kama makaa, na wengine hawarudi. Kunywa hii dawa, ukae na watu wako."

"Dawa hiyo inafika kwenye neva?" Mama Fundi akauliza.

"Neva ni nini?"

"Mimi pia sikuijua. Sasa naijua." Aliiweka magotini sketi aliyokuwa anaikunja. "Kaka, nimekusikia. Unaniogopea, na mimi ninajiogopea. Usiku wa jana sikulala. Lakini shingo ni yangu, na nitaondoka Jumatatu. Ukitaka kunisaidia, nitafutie pikipiki ambayo dereva wake hanywi."

Kaka yake alilia bila sauti, pale pale barazani, mbele ya wateja wawili. Halafu akaenda kutafuta pikipiki. Jumatatu yeye mwenyewe alipanda pikipiki ya pili, akamfuata dada yake mpaka Kabambare, na ile chupa ya mizizi aliirudisha Nyangwe bila kufunguliwa.

Mambo ya safari alinisimulia baadaye, kwa vipande, kila alipojisikia. Njia ya Kabambare ilikuwa matope. Penye madaraja ya magogo alishuka akavuka kwa miguu, kwa sababu alisema hakupasuliwa Kindu ili aje kufia mtoni. Jicho lisilofumba lilijaa vumbi na ukungu, basi alivaa miwani ya dereva, na kila alipolala alilibandika jicho kwa plasta. Salamabila alimkuta binti yake, anayeuza nguo na sabuni kwa wachimbaji wa dhahabu. Binti alifunga duka, akamwachia jirani ufunguo, wakaendelea pamoja: ziwa kwa boti, Kigoma, kisha basi siku nzima na zaidi.

Kule Dar es Salaam walimcheka Kiswahili chake. Akisema "iko" kwa kila kitu walitabasamu. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimuuliza anatoka wapi, akajibu Kasongo, yule akasema, "Kasongo ndiyo wapi?" Mama Fundi alimweleza Kasongo kwa muda wa nusu saa, mitaa na misikiti na shule za mapadre, mpaka mwanamke yule akaitwa ndani.

Daktari wa huko alihesabu majuma tangu upasuaji, akasema wamechelewa, lakini bado inafaa kuanza. Kwanza walimng'oa meno mawili mabovu, kwa sababu baada ya miale taya haliponi vizuri likiguswa. Kisha walimtengenezea barakoa. Waliweka karatasi ya plastiki yenye matundu kwenye maji moto, ikalainika, wakaikandamiza usoni mwake mpaka ikashika pua, kidevu na shingo, wakaiacha ikauke. Kila siku alilazwa mezani, barakoa ikafungwa kwa vibanio pande zote, asiweze kugeuka hata kidogo. Wale wataalamu walitoka, mlango mzito ukafungwa, akabaki peke yake na mlio wa mashine.

"Nilifikiri nitakufa kwa kukosa hewa," aliniambia. "Siku ya kwanza nilipiga meza kwa mikono, wakaja mbio wakanifungua. Kijana wa mashine akasema, 'Mama, ukitaka tuache leo, tutaanza kesho.' Nikamwambia, fungia tena."

Ilikuwa mara thelathini na tatu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Juma la kwanza hakusikia kitu. Juma la pili mate yakawa mazito kama gundi. Juma la tatu ladha ikaondoka: uji, chai, samaki, vyote vikawa kama karatasi. Ngozi ya shingo iligeuka nyeusi, ikachunika. Koo likawa kidonda. Alikula uji wa maji kwa kijiko kidogo, na kila kijiko kilimchukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu.

Baada ya mara ya kumi na tisa binti yake alinipigia simu. "Mama anasema anarudi nyumbani. Ameshakunja nguo. Ongea naye, munganga."

Nilizungumza. Hakuweza kujibu kwa sababu ya koo, na mimi nilisikia pumzi tu. Sikumbuki vizuri nilichosema. Nilimwambia pengine kwamba zimebaki kumi na nne, jambo alilolijua kuliko mimi. Pumzi ziliendelea kidogo, halafu simu ikakatika. Siku ile sikufanya kazi ya maana kituoni. Kesho yake asubuhi binti akapiga tena: mama alikuwa ameamka kabla ya wote, amevaa, na alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nilipomuuliza baadaye kilichombadilisha, nilitazamia kusikia jina langu, au la Mungu. Alisema, "Nilikuwa nimeshazikunja nguo. Nikaona nikirudi na kumi na tisa, kila mutu Kasongo ataniona nimepona, mimi peke yangu nitajua. Hiyo siwezi."

Alipopata nguvu kidogo alianza kutazama magauni ya wagonjwa, yaliyofumuka kwapani na mgongoni. Aliomba sindano. Muuguzi mkuu alimkatalia, akisema mgonjwa apumzike. Mama Fundi alimwonyesha mgongo wa mzee mmoja aliyekuwa anapita, uko wazi mpaka kiunoni. Akapewa sindano. Kazi hiyo aliifanya kwenye benchi la kungojea mpaka siku ya mwisho, na binti yake ananiambia alimfokea muuguzi mkuu kuhusu ubora wa uzi wao kwa sauti ya kunong'ona, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa imebaki.

Alirudi Kasongo amekonda mpaka mtandio ulimzidi. Ilipita miezi miwili kabla ya mashine kulia, na ilipolia ililia kwa kusitasita. Mate hayakurudi. Ladha ilirudi nusu. Alibeba chupa ya maji kila mahali, akanywa funda dogo dogo mchana kutwa, hata katikati ya sentensi. Ugali mkavu haukupita tena, kwa hiyo alikula kila kitu kimelowa mchuzi. Alipopika sombe, majani ya muhogo, alimwita mke wangu juu ya ua: "Njoo uonje. Chumvi iko?" Mke wangu akisema iko, aliuliza tena, maana hakumwamini mtu hata kwa chumvi yake mwenyewe.

Taya lilianza kukaza. Daktari alikuwa amemfundisha kulifungua kwa vijiti vya mbao, vile tunavyobania ulimi tunapotazama koo. Nilimpa mafungu. Asubuhi na jioni aliviweka kati ya meno, akihesabu, na kila baada ya majuma aliongeza kijiti kimoja. Machozi yalimtoka kwa jicho la kulia, ambalo lilikuwa linatoa machozi kwa sababu zake lenyewe, na kwa jicho la kushoto pia.

Ramadhani ya kwanza alifunga. Nilimkataza, na sheikh alimwambia mgonjwa ana ruhusa. Hakutusikiliza. Saa tano za asubuhi nilimwona kwenye ua, anaonyesha mdomo kwa kidole. Ulimi ulikuwa umegandia juu, hakuweza kutoa neno. Nilimpa maji. Alikunywa, halafu akalia kwa hasira, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akilia kwa sauti. Kuanzia kesho yake alikunywa maji barazani, mchana kweupe, na yeyote aliyemkazia macho alinyanyuliwa chupa. Badala ya funga alilisha masikini mmoja kila siku, kama dini inavyoelekeza, na hakuna hata mmoja aliyekula bila kukaripiwa namna anavyoshika tonge.

Kila mwezi alikuja nimpime shingo. Nilipitisha vidole polepole, chini ya taya, nyuma ya sikio, juu ya mfupa wa bega, pande zote mbili.

"Umegusa vizuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Gusa tena."

Nikagusa tena. Mara moja kwa mwaka binti yake alimpeleka kupigwa picha ya kifua, kwa sababu kansa hii hupenda kujificha mapafuni baada ya muda mrefu. Hajaambiwa kwamba amepona kabisa. Kila mara wanamwambia hawaoni kitu, na yeye hurudi akashona.

Kisha nilihamishwa Kabambare. Tuliagana kwa mkono, na akanishonea koti jeupe la kazi ambalo mabega yake yote mawili yako sawa. Mwaka mmoja na zaidi ulipita bila kumwona.

Juma lililopita nilikuwa kituoni, nakunja kadi za chanjo, nikasikia sauti nyuma yangu, kavu, yenye kusimama katikati ili kupata maji.

"Munganga. Vaa viatu. Kuna mutu."

Alikuwa amefika kwa pikipiki kutoka Kasongo, matope mpaka magotini. Hakuniuliza hali. Njiani alinieleza: mchimbaji mmoja wa Salamabila alipasuliwa uvimbe wa chini ya taya majuma manne yaliyopita, akaambiwa aende kwenye miale, akakataa, akaja kupumzika kwao hapa Kabambare kabla ya kurudi shimoni. Mke wake hununua sabuni dukani kwa binti. Mke akaeleza, binti akapiga simu, mama akapanda pikipiki.

Mchimbaji alikuwa mtu mwenye mabega mapana, amekaa kwenye kizingiti, karatasi ya daktari imekunjwa mfukoni mwa shati. Mke wake alisimama ndani, gizani kidogo, mikono kifuani.

"Mimi niko muzima, Mama," mwanamume akasema kabla hatujaketi. "Kimetoka. Sina maumivu."

"Hata mimi sikuwa na maumivu," Mama Fundi akasema. Akaondoa mtandio. Sijawahi kumwona akiuondoa nje ya kituo. Kovu, ngozi nyeusi ya shingo, shavu lililobonyea, vyote vikawa juani. "Gusa."

Hakutaka. Mama Fundi alimshika mkono akauweka hapo.

"Iliuma?" akauliza mchimbaji, kwa sauti ndogo.

"Kupasuliwa, kidogo. Miale, sana. Juma la nne nilikunja nguo nikimbie. Mate hayajarudi mpaka leo, na sombe naionja kwa ulimi wa jirani."

"Na umepona?"

Nilijua angeweza kusema ndiyo. Mtu huyo alikuwa anangoja neno hilo moja.

"Sijui," akasema. "Ni mwaka wa tano. Leo niko hapa, nimepanda pikipiki siku mbili."

Mchimbaji alinitazama mimi, kana kwamba nitamtoa hapo. Nikamwomba karatasi. Nikaisoma yote kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mke wake, bila kupunguza. Nilipofika kwenye matibabu ya nyongeza, mke alisogea akakaa karibu yake.

"Nitafikiri," mchimbaji akasema.

"Fikiri," Mama Fundi akajibu. Akavua kandambili, akanyoosha miguu kwenye mkeka, akafungua chupa yake. "Sina haraka. Mama wa nyumba, muko na maji ya kuongeza?"

Nilikuwa na watoto wa chanjo wananingoja, nikaondoka. Jioni nilipita tena. Alikuwa bado amekaa pale pale. Mchimbaji alikuwa upande wa pili wa ua, anapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nilikuta ua umefagiliwa, mlango umefungwa, na jirani akaniambia wameondoka asubuhi na pikipiki tatu, kuelekea ziwani.

Jana nilipata ujumbe kwenye simu, kutoka kwa namba ya binti yake, lakini maneno nayajua ni ya nani: "Tumevuka ziwa. Mchimbaji analalamika chakula hakina chumvi. Nimemwambia akile haraka wakati angali anasikia ladha."